Chungu cha Ndiva

Hapana, hakufukuzwa. Hayo ya kufukuzwa ni maneno ya watu wa kwenye simu, wao wanaandika tu. Elibariki muda wake kwenye kipindi ulimalizwa, basi, kama unavyomaliza gunia, ukalikung'uta, ukalikunja, ukaliweka pembeni. Walimwita ofisini kule Dar es Salaam, wakampa soda, wakamwambia kaka Eli umefanya kazi kubwa sana, sasa watazamaji wanataka sura mpya. Na sura mpya yenyewe ilikuwa imeshakaa kwenye kochi la nje inasubiri, binti mmoja mchekeshaji, akanyanyuka kwa heshima, shikamoo kaka. Akaitikia marahaba. Angefanyaje?

Lakini wewe hukuniuliza hilo hasa. Umeuliza ilikuwaje mtu wa runinga akaonekana huku kwetu Vudee ndani ya ndiva, tope hadi kiunoni, na shati jeupe. Hiyo ndiyo yenye hadithi, na hadithi yake haianzii kwenye tope. Inaanzia kwenye maharage.

Mama yao alifariki Elibariki bado ananyonya. Baba yao naye alikuwa mtu wa pombe ya miwa, yupo lakini hayupo, na baada ya muda akawa hayupo kabisa. Mtoto akabaki mikononi mwa dada yake, Rogathe. Na huyo Rogathe mwenyewe alikuwa msichana tu, sketi ya shule bado inamtosha. Akaacha shule. Akamfunga huyu mgongoni, akashika jembe. Sasa kukawa na mwaka mmoja mbaya, mvua ilikataa, maharage yakafa shambani yangali maua. Makande ya mwaka ule yalikuwa mahindi matupu, maharage unayatafuta kwa macho. Walikula wawili, sinia moja. Rogathe alikuwa akiona harage analisukuma kwa kidole mpaka upande wa mdogo wake. Analisukuma tu, halafu anakula mahindi yake.

Elibariki alikuja kula kwenye hoteli ambazo vijiko wanakupangia, kimoja kushoto, kingine kulia. Lakini harage lile linalosukumwa na kidole hakulisahau. Angelisahau ingekuwa nafuu kwake.

Haya. Mtoto akakua, akawa na mdomo. Sijui aliutoa wapi, maana watu wa kwao ni wapole. Alipopata ujana akashuka Same kutafuta maisha, akaangukia mnadani. Kulikuwa na mfugaji mmoja anaitwa Moringe, mtu wa huko tambarare, mrefu, maneno yake machache kama mvua ya huko. Moringe alikuwa na ng'ombe wazuri lakini kuwanadi hawezi, anasimama tu na fimbo yake kama anangoja ng'ombe ajieleze mwenyewe. Akampa Elibariki ile spika ya mkononi, akamwambia jaribu.

Basi bwana. Elibariki akashika kamba ya ng'ombe akaanza kumsimulia. Hakusema ng'ombe huyu ana kilo ngapi. Alisema ng'ombe huyu mama yake alifia njiani mwaka wa ukame, huyu alitembea peke yake mpaka kwenye maji, mtazameni macho. Watu wakamtazama ng'ombe macho. Wengine wakapenga kamasi. Akanunuliwa haraka, kwa bei aliyotaka Moringe. Moringe akatikisa kichwa, akasema kijana huyu ukimwachia atamliza hata dume.

Kutoka mnadani akaokotwa na watu wa redio, kutoka redio akachukuliwa na watu wa runinga, wakamtengenezea kipindi, Rudi Mezani. Wewe umekiona, nani hajakiona. Ndugu waliogombana, baba aliyemkana mwanawe, mashoga waliochongeana, Elibariki anawafuata na kamera mpaka nyumbani, anawakutanisha bila wao kujua, na mwisho wanawekewa meza nzuri yenye kitambaa, wanakula pamoja, muziki unapigwa. Na lile neno lake, nchi nzima ililishika, hata makondakta walilisema: "Hakuna kosa lililo refu kuliko mkono wa ndugu. Nyoosha mkono!" Hapo mtu ananyoosha mkono, mwenzake anaushika, wewe uliyekaa nyumbani unatafuta leso.

Watu walidhani siri ya kazi yake ni maneno. Siyo. Siri ilikuwa kunyamaza. Anamuuliza mtu, unajisikiaje, halafu ananyamaza anamtazama. Binadamu hawezi kimya mbele ya taa. Kimya kile kinamkaba, atasema hata ambalo aliapa kuzikwa nalo. Elibariki alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyetega.

Huku Vudee walikiangalia sebuleni kwa Rogathe, kwenye runinga aliyonunuliwa na mdogo wake. Sebule inajaa, wengine wanachungulia dirishani. Mama Hedwiga, yule jirani yake mwenye ulimi, alikuwa anapewa kiti cha mbele ili asiseme sana, na bado anasema. Rogathe yeye anasimama mlangoni na kanga yake, haketi. Watu wakimsifia Elibariki yeye anasema neno moja tu, nilimlisha mimi huyo. Halafu anarudi jikoni.

Sasa hapo nikupe jambo ambalo ndilo lenye sumu.

Rogathe aliolewa, na mumewe aliitwa Paschal. Careen, binti yao, alikuwa bado hajatambaa, Paschal akaenda Mererani kwenye machimbo, kama vijana wengi walivyokwenda. Ikaja habari kwamba shimo limeporomoka na watu wamebaki chini. Paschal hakurudi. Rogathe akalia, akavaa nyeusi, akakaa msiba, majirani wakalala kwake, mchungaji akaja. Akawa mjane. Kanisani akahamia benchi la wajane, na baadaye, kwa vile ni mtu wa kujituma, wakamchagua awe kiongozi wao. Mjane akiugua, Rogathe huyo na uji. Mjane akidhulumiwa kiwanja na mashemeji, Rogathe huyo barazani.

Lakini Paschal hakufa. Elibariki alimkuta Arusha kwa macho yake enzi zile za redio, ana duka la vipuri, ana mke mwingine, ana watoto wanaofanana na Careen mpaka inatia aibu. Elibariki akapanda mlimani siku ile ile, akamkuta dada yake migombani anakata mkungu, akamwambia. Rogathe hakuacha kukata. Alimaliza, akauweka mkungu chini polepole kama mtoto, akasema, "Niliyemlilia ameshakufa. Uliyemwona wewe simjui. Na wewe hujamwona." Elibariki akasema sijamwona. Yakaishia pale, wawili wao.

Utasema ni uongo. Sawa, uongo. Lakini uongo ule ulimla nani? Ulikuwa umekaa mle ndani kama paka mzee, haumsumbui mtu, na unafukuza panya.

Miaka ikaenda. Rudi Mezani ikaanza kuchoka. Watu wameshajua kwamba mwisho watalia na mwisho watakula, sasa cha kuangalia nini. Wakubwa wa Elibariki wakamwambia kaka, tunataka kitu kizito, kitu cha kutikisa. Akatafuta. Alitafuta kweli, alizunguka mikoa. Usiku mmoja, amelala, akamkumbuka dada yake, na asubuhi alikuwa ameshajieleza vizuri kabisa kwamba ni kwa faida ya Rogathe mwenyewe. Kwamba amebeba mzigo peke yake muda mrefu. Kwamba Careen ana haki ya kumjua baba. Mtu akitaka kuchinja kuku wa jirani, kwanza husema kuku huyu alikuwa anakula mboga za watu.

Walikuja na kamera siku ya kazi, asubuhi iliyokwisha kuchangamka. Rogathe alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Anarudi na mzigo kichwani, miguu ina umande na matope, anaingia uani kwake, anakuta taa, anakuta mwavuli mweupe, anakuta majirani wamepangwa mstari. Na Paschal katikati, suti ya kahawia, amenenepa. Elibariki na maiki pembeni.

"Dada," akasema, "unajisikiaje?"

Akanyamaza, kama alivyozoea. Rogathe naye akanyamaza. Kimya kile, majirani waliokuwepo wanakisimulia mpaka leo. Elibariki alikuwa amewashinda wakubwa kwa kimya, amewashinda wachungaji na wanajeshi, lakini siku ile macho yake ndiyo yaliyoanza kuangalia chini. Rogathe akatua majani. Akanawa mikono. Akamwambia Paschal karibu, kama anavyoambiwa mpita njia. Akaita kuku akamkamata mwenyewe, akapika wali, maana kwake mtu aliyefika hata kama ni adui hawezi kuondoka na njaa. Wale vijana wa kamera wakafurahi, wakasema huyu mama kasamehe. Wakatandika meza yao, ya kukunja, na kile kitambaa cha bluu cha kipindi, Rogathe akakaa, akaweka tonge mdomoni.

Basi yule wa kamera akasema samahani, betri ilikata pale mwanzo. Wanaomba mama aingie tena. Na majani.

Majani yalikuwa yameshatandazwa kwa ng'ombe. Yakakusanywa. Na mzigo wa majani mtu hajitwishi vizuri peke yake, lazima atwishwe. Aliyemtwisha ni Elibariki. Wakawa uso kwa uso, yeye ameinua mzigo, dada yake amenyoosha shingo kuupokea, na Rogathe akamtazama. Ndipo akazunguka nyuma ya migomba, akaingia tena uani kama alivyoingia mara ya kwanza, na machozi yanatiririka. Yale machozi nchi nzima iliyoyaona na kuyatumiana kwenye simu, ni ya mara ya pili. Watu waliandika, mapenzi hayafi. Anayemjua Rogathe angejua kwamba hakuwa anamlilia Paschal.

Paschal aliondoka na gari lao jioni ile ile. Jumapili iliyofuata Rogathe akaingia kanisani, akapita benchi la wajane bila kukaa, akaenda mpaka nyuma kabisa, karibu na mlango, wanapokaa wenye watoto wasumbufu. Hakuna aliyemwambia ahame. Wajane wenyewe walimfuata nyumbani kumbembeleza. Akawapa chai, akawarudishia ufunguo wa kabati lao, ule unaoshikwa na kiongozi.

Sasa wewe unatujua sisi Wapare. Watu wanatucheka kwamba tunaweza kuuza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Ni kweli, kesi tunazipenda. Elibariki alisubiri ashtakiwe. Alitamani ashtakiwe, kwenye baraza la ukoo, kwa mwenyekiti, popote, aitwe, atozwe mbuzi, aombe radhi mbele za watu, yaishe. Rogathe hakushtaki. Na Mpare asiyekushtaki, huyo ameshamaliza na wewe.

Simu alikuwa anapokea. Shikamoo dada. Marahaba, hatujambo, haya kazi njema. Krismasi Elibariki akija anakaribishwa sebuleni, anapewa chai. Chakula hapana. Ukifika muda wa kula Rogathe anakumbuka ng'ombe, anakumbuka mgonjwa, anachukua kanga anatoka. Tangu siku ile ya kitambaa cha bluu hakupika chungu kimoja akala na mdogo wake. Na huyu bwana, nchi nzima inamjua kwa kuwakalisha watu mezani, ndicho kitu kimoja alichokuwa anakitaka duniani, akae na dada yake wale.

Alipokabidhi kipindi kwa yule binti, akapakia nguo kwenye gari, akaja. Alipofika Same akapitia mnadani, maana ilikuwa siku yake. Moringe yupo pale pale, kazeeka, fimbo ile ile. Wakanywa soda. Elibariki akamweleza habari zote, alikuwa hajawahi kumweleza mtu. Moringe akasikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amekuja na mnyama. Kwetu mtu akimkosea mtu, alisema, anakuja na mnyama. Elibariki akasema dada yangu hachukui mnyama wala nguo, kila ninacholeta anawapelekea wajane.

Moringe akaegemea fimbo yake. "Unajua ulivyokuwa unaninadia ng'ombe," akasema, "ulimsifia mpaka mimi mwenyewe naona uchungu kumuuza. Lakini alikuwa anauzwa, Eli. Na dada yako ulimsifia hivyo hivyo."

Elibariki hakumaliza soda.

Alipopiga simu kwa Careen kusema anapanda, Careen akamwambia mjomba kesho hatuna nafasi, kuna msaragambo wa ndiva, na safari hii chakula kinapikwa hapa kwa mama. Basi hapo Elibariki akaona mlango.

Nikueleze, maana siku hizi watoto wa mjini hamjui. Ndiva ni bwawa letu la kuchimba kwa mikono, wazee walituachia. Maji ya mlimani yanalala mle usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Kabla ya vuli lazima lizolewe tope, na hilo ni la wote, pembe ikilia alfajiri kila nyumba inatoa mtu. Huo ndio msaragambo. Na mkimaliza, kinapikwa chungu kimoja, makande, na kina sheria yake: chungu cha ndiva hakina kesi. Mwenye tope mguuni anakula. Mpishi hawezi kumnyima, hata kama amemwibia mke. Kulikuwa na wazee wawili hapa walioshtakiana kwa ajili ya mpaka wa shamba tangu ujana, siku ya ndiva wanakula sinia moja, wanapeana chumvi, kesho yake wanapandishana mahakamani.

Elibariki akapiga hesabu. Nikichota tope, Rogathe lazima anipe makande. Hakuona, maskini, kwamba ndiyo njia ile ile ya siku zote, ya kumweka mtu mahali ambapo hawezi kukataa.

Alfajiri pembe ikalia, akashuka ndivani na shati jeupe. Si kwa maringo. Hakuwa na jingine, kule kazini walimvalisha meupe miaka yote, walisema mbele ya taa jeupe linaonekana la mtu mkweli. Daudi, msimamizi wa ndiva, akampa beleshi bila kumuuliza kitu. Watu wakamwamkia, wengine wakamtania, kamera ziko wapi, tungekuja tumechana nywele. Akacheka nao. Akaingia kwenye tope.

Mikono ya maiki si mikono ya beleshi. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Akiinua tope nusu linamrudia. Na alikuwa kila akichota anasimama anapumua, anaangalia lile tope kama linamdai maelezo. Mama Hedwiga alikuwa kwenye ukingo na wanawake wenzake wanapokezana ndoo, akamwambia, "Eli, mwanangu, lichote tu hilo. Usilihoji."

Ndiva nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kijana mmoja akatoa simu akaanza kumpiga picha. Elibariki alikuwa ameinama, na bila kujua akageuka kidogo akampa shavu la kushoto, lile ambalo walimwambia ndilo zuri. Alipogundua amefanya hivyo akaona haya, akazama tena kwenye kazi, na hakuinuka mpaka Daudi alipopiga filimbi.

Jua lilikuwa limesimama walipopanda kwa Rogathe, wote wamechoka, tope limekauka miguuni linavuta ngozi. Harufu ya makande ilikuwa inateremka kuwapokea. Chungu kikubwa cheusi kilikuwa juu ya mafiga uani, masinia yamepangwa juu ya mkeka, na ndoo ya kunawia mikono iko mlangoni. Rogathe amesimama pale na mwiko. Ameinama kidogo siku hizi, mgongo. Watu wakawa wananawa, wanamsalimu, wanapita.

Ikafika zamu ya Elibariki. Hakunawa. Alisimama mbele ya dada yake na tope lake lote, na alikuwa amepanga kusema neno fupi, usiku kucha alilipanga. Lakini mdomo una njia zake, kama ng'ombe anayejua zizi.

"Dada," akasema, "nimekuja mbele ya watu wote hawa. Najua nilichokufanyia. Lakini mimi na wewe ni damu moja, na hakuna kosa lililo refu..."

"...kuliko mkono wa ndugu!" wakamalizia wanawake wote pamoja kwenye masinia, na mtu mmoja kule nyuma akaitikia, "Nyoosha mkono!"

Hawakuwa na nia mbaya. Ni kama wimbo, ukianzishiwa unamalizia. Uani pote palivuma vicheko, wengine wanashikana mabega. Elibariki akabaki mkono wake umeshanyooka nusu, hajui aurudishe au auache. Alikuwa analia kweli, yale hayakuwa ya kipindi. Lakini nani angejua? Alilia vile vile, midomo inatetemeka vile vile, walimwona miaka mingapi sebuleni pale pale.

Rogathe hakucheka. Alisubiri mpaka vicheko vikatulia.

"Umefanya kazi, utakula," akasema. "Careen, mlete mgeni kiti."

Careen akaingia ndani, akatoka na kiti cha sebuleni. Akaingia tena, akatoka na meza ndogo, akaitandika kitambaa. Cha bluu. Wale vijana wa kamera walikisahau siku ile, na Rogathe alikuwa amekifua, amekipiga pasi, amekiweka. Halafu akaleta sahani ya maua, ile ya kabatini, na uma na kijiko, na wali mweupe, na kuku. Kuku mzima wa kienyeji, amekaangwa na vitunguu, paja juu. Huyo kuku alichinjwa asubuhi, Rogathe aliposikia tu ni nani ameshuka ndivani.

Hapo hata Mama Hedwiga aligeuka akatazama. Wote waliona, na hakuna ambaye angeweza kusema neno, maana sheria haikuvunjwa. Mwenye tope amepewa chakula, tena amepewa kizuri kuliko cha wote.

Elibariki akaangalia ile meza. "Dada, mimi si mgeni," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kipindi wala ya mnadani. "Naomba makande."

"Makande ni chakula chetu tu, baba," Rogathe akamjibu kwa upole, kwa heshima kabisa, kama anavyosema na mtu aliyetoka mbali. "Hatuwezi kumpa mgeni. Nawa ukae, kisipoe."

Akamshikia birika mwenyewe, akammwagia maji. Malengelenge yakamwuma Elibariki lakini hakutoa mikono. Alitaka maji yasiishe. Yaliisha. Akaenda akakaa kwenye kiti, mbele ya kitambaa, na kwa sababu kiti kilikuwa juu na wote wako chini kwenye mikeka, aliwaona wote vizuri, vichwa vyao.

Daudi akaombea chakula, akashukuru kwa maji na mikono. Rogathe alipakua mpaka mwisho, sinia kwa sinia, akakwangua chungu, akafunika. Watu walikuwa wanamngoja, hawajagusa. Akafuta mikono kwenye kanga, akashika goti, akakaa polepole mkekani kati ya Careen na Mama Hedwiga, na mjukuu wake Justa, yule mtoto wa Careen, akajipenyeza mbele yake. Elibariki alishika uma. Kuku alikuwa mtamu. Alimtafuna huku anaangalia kidole cha dada yake kikitembea ukingoni mwa sinia, kikaona harage, kikalisukuma mpaka upande wa mtoto. Kikarudi kutafuta jingine. Basi wote wakawa wameketi, wakala.